Wigi Chini ya Kitanda cha Hawe

Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi mchana, Velma alimkalisha bibi yake kwenye kigoda uani na kumpaka piko, ile rangi nyeusi, kichwani. Kazi hiyo haikuwa ya urembo. Hawe Nyamvula, kama alivyoitwa na kila mtu nyumbani kwa neno la Kigiriama la bibi, hakuwa na jino la mbele hata moja, na mambo ya kupendeza alikuwa ameyaacha zamani. Alipakwa kwa sababu kijijini alikotoka vikongwe wenye mvi walikuwa wakikatwa mapanga, wengine na wajukuu wao wenyewe, kisha ikasemwa walikuwa wachawi. Jirani yake alikatwa akiwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Mwezi uo huo Kaingu, baba yake Velma, akaenda kumchukua mama yake, akamleta Junda, pembeni mwa mji wa Mombasa, mahali ambapo, alisema, watu wana akili.

"Inama kidogo, Hawe."

"Nikiinama nitaanguka. Paka hivi hivi. Na huko nyuma usiache, ndiko watu wanakotazama."

Piko ilipokuwa ikikauka, Hawe alitaka aonyeshwe tena yule mzungu wa kwenye simu.

"Si mzungu, Hawe. Mjapani."

"Basi Mjapani. Mlete."

Velma akafungua simu. Akatokea mwanamume mwembamba, nywele za rangi ya fedha zimemfika kiunoni, uso umepakwa ukawa mweupe kama unga, macho yamezungushiwa wanja mzito, anapiga ukelele mbele ya umati usio na mwisho. Nyuma yake magitaa yalinguruma. Hawe alitazama ameshika tama.

"Huyu ni mwanamume?"

"Mwanamume kamili."

"Na wanja?"

"Ndio mtindo wao. Kule Japani kuna bendi za roki zinazojipamba hivi. Na sisi tunaowapenda tunashona nguo kama zao, tunavaa, tunakutana. Ndiyo hiyo kosplei ninayokwambia."

"Na mvi zile ni zake?"

"Ni wigi. Hata langu ni kama hilo."

Hawe alicheka mpaka akakohoa. "Ajabu ya Mungu! Mimi nazificha, wewe wazinunua."

Wigi lenyewe lilikuwa chumbani, ndani ya mfuko mweusi chini ya kitanda cha Hawe, pamoja na koti refu ambalo Velma alilishona kwa mabaki ya vitambaa kutoka duka la cherehani la Bombolulu alikofanya kazi. Mchana kutwa alishona sare za shule, kola baada ya kola. Jioni, waya zikiwa masikioni, alikuwa mtu mwingine. Hakujua Kijapani, lakini nyimbo alizijua neno kwa neno, na maana yake alikuwa ameitafuta kwenye mtandao mstari mmoja mmoja. Alizipenda kwa sababu waliziimba kwa uchungu bila kuona haya, naye alikulia katika nyumba ambayo uchungu ulimezwa pamoja na chai.

Mfuko ulifichwa kwa sababu ya mama yake. Gladys alikuwa katika kwaya ya kina mama kanisani, na siku alipoiona picha ya yule mwimbaji alisema mambo ya kuzimu hayaingii kwake. Hawe ndiye aliyejitolea kitanda chake. Ilikuwa siri tamu kwa kikongwe ambaye siri zake nyingine zote zilikuwa za woga. Na Jumamosi ya piko inayofuata, katika ukumbi mmoja mjini, vijana wa kosplei wa Mombasa wangepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Velma alikuwa wa tatu kuitwa.

* * *

Jumanne magharibi stima zilipotea Junda nzima. Kaingu, ambaye alikuwa mwashi, hakuwa amerudi kutoka mjengoni. Gladys alikuwa barabarani na karai lake la viazi. Hawe alikuwa amelala. Velma aliona hiyo ndiyo nafasi.

Alichanganya poda ya mtoto na mafuta ya nazi, akajipaka uso na shingo. Akajichora wanja. Akatia lenzi nyekundu machoni, akavaa koti, akaliweka wigi, na simu akaiegemeza dirishani imwangaze kutoka chini kama taa za jukwaani. Kisha akaimba, kwa sauti ya chini ili asimwamshe bibi yake, ule wimbo aliokusudia kuimba Jumamosi. Alijiona kwenye kioo cha dirisha, akafurahi. Tuseme wazi kwamba alipendeza. Alikuwa amefanana na yule Mjapani hata mamake Mjapani angebabaika.

Dirisha la chumba cha Hawe lilitazama uani, na uani ndiko kulikokuwa na bafu la nyumba nzima. Velma alisikia ndoo ikianguka, maji yakimwagika, na miguu ikikimbia. Akazima simu upesi. Alidhani ni paka, kisha akadhani ni mtoto, kisha akajicheka, akanawa uso na kuurudisha mfuko chini ya kitanda. Angetoka wakati ule ule akaeleza, huenda mambo yangekuwa mengine. Lakini nani hutoka nje kueleza kwamba alikuwa akiimba?

Aliyeangusha ndoo alikuwa Janice, mpangaji wa chumba cha mkabala, mwanamke kutoka bara ambaye mumewe, Nicanor, aliendesha malori na kulala safarini siku nyingi kuliko nyumbani. Janice hakuwa mtu mbaya. Mara nyingi Hawe alimshikia mtoto akienda sokoni. Jioni ile alifunga mlango, akamkumbatia mwanawe wa kiume mdogo na kusoma Zaburi mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake mtoto alipandwa na homa. Saa nane mchana akashikwa na degedege, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Alipobebwa kupelekwa hospitali, Janice aliyasema mbele ya nyumba nzima yale aliyoyaona.

* * *

Ikaanza na mambo madogo. Mama mmoja alirudisha sahani aliyoazima kwa Gladys, akaiweka chini sakafuni badala ya kumpa mkononi. Ndoo ya Hawe ilitolewa kwenye foleni ya mfereji ikapatikana karibu na choo. Wateja wa viazi, wale wa kila siku waliozoea kumtania Gladys kuhusu pilipili yake, wakawa wanavuka barabara. Ijumaa alirudi na karai limejaa kama alivyolitoa.

"Watu wana nini?" akamwuliza mumewe.

Kaingu alikuwa anajua. Ameambiwa mjengoni, na ameambiwa kwa kicheko, jambo lililomuuma zaidi.

"Wanasema Mama anageuka magharibi. Anakuwa na nywele nyeupe mpaka kiunoni, uso mweupe, macho ya moto. Ananena maneno yasiyojulikana. Na ndiyo yaliyompata mtoto wa Janice."

Velma alikuwa anakuna nazi. Mkono ukasimama juu ya mbuzi.

"Baba," akasema, "ni mimi."

Akaeleza yote, tangu mfuko hadi lenzi. Gladys akaketi chini polepole. Kaingu hakumpiga, ingawa aliinuka kama anayetaka kupiga. Usoni alionekana kama mtu aliyepata nafuu.

"Ni wewe? Kweli ni wewe? Basi yamekwisha! Jumapili mzee wa mtaa anakuja na mwenye nyumba. Utasema mbele yao. Utavaa mbele yao, waone ni nguo tu. Umenisikia?"

"Abee, Baba."

Hawe, kutoka kitandani kwake, alisema, "Kaingu, usimvalishe mtoto."

"Mama, ushahidi uko mkononi! Unaogopa nini?"

"Wewe wawajua watu wa mapanga? Mimi nawajua. Usimvalishe."

Lakini Kaingu alikuwa mtu wa timazi na pimamaji, vifaa vya kunyooshea ukuta. Aliamini kitu kikinyooka kinaonekana kimenyooka.

* * *

Jumapili baada ya ibada, uani palijaa. Mzee Hassan, mwenye nyumba, alipewa kiti cha plastiki. Changawa, mzee wa mtaa, alikaa kwenye benchi na fimbo yake magotini. Janice alisimama karibu na bafu. Mtoto alikuwa bado wodini, anaangaliwa na baba yake aliyerudi safarini, na macho ya Janice yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Hawe aliletwa, akakalishwa kwenye kigoda kile kile cha piko.

"Shikamooni, wazee," Kaingu alianza. "Mimi sitaki maneno mengi. Kilichoonekana Jumanne hakikuwa mama yangu. Ni huyu binti yangu na michezo yake ya Kijapani. Velma, toka."

Velma akatoka. Uso mweupe, wanja, lenzi nyekundu, wigi la fedha likimetameta kwenye jua la saa tisa, koti jeusi likiburura vumbi. Alikuwa amelitamani jukwaa miaka na miaka. Mtoto mmoja akalia. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akarudi nyuma mpaka akakanyaga kuku.

"Ndiye," Janice akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo hiyo niliona."

"Mmeona?" Kaingu akasema kwa ushindi. "Wigi. Velma, livue waone. Waonyeshe na simu."

Velma akalivua wigi, akawaonyesha misuko yake ya kawaida. Simu ikapita mkono kwa mkono, yule Mjapani akipiga ukelele bila sauti, kwa kuwa kuna aliyeizima. Mzee Hassan aliitazama kwa muda, akampa Changawa.

"Huyu na yeye ni nani?" akauliza yule mzee wa mtaa.

"Mwimbaji, babu. Huu ni muziki wa roki. Kuna watu wengi wanaovaa hivi. Hata hapa Mombasa tuko."

"Mko wengi?" Changawa akauliza, na mnong'ono ukapita uani kama maji yanayopita mtaroni.

"Na yale maneno uliyokuwa ukisema, ni lugha gani?" akaendelea.

"Kijapani."

"Wewe wakijua?"

"Sijui Kijapani, babu. Najua wimbo tu."

"Hujui, lakini unasema. Maana yake waijua?"

Velma alikuwa amefundishwa asiwadanganye wakubwa. Angeweza kusema ni wimbo wa mapenzi, nao kwa namna yake ulikuwa wa mapenzi. Lakini akafumba macho na kuutafsiri kama alivyoujua, mstari kwa mstari. "Ewe giza, nifungulie. Kunywa damu yangu, nirudishie aliyekwenda. Nitakuja kwako na uso wa mfu."

"Yesu wangu," mtu akasema.

Gladys alijifunika uso kwa leso.

"Ni maneno ya wimbo tu!" Velma akalia. "Mtu amefiwa na mpenzi wake, anaomboleza!"

Changawa alimnyamazisha kwa fimbo, bila ukali. Alikuwa mzee wa mashauri ya mipaka na mbuzi, na alijua swali la kuuliza. "Vitu hivi, mwanangu, vilikuwa vikikaa wapi?"

Velma alimtazama baba yake. Alimtazama bibi yake, ambaye alikuwa anatikisa kichwa taratibu kumzuia. Ila lile swali lilikuwa jepesi mno, halikuonekana kama mtego, na kusema ukweli ndiko kulikokuwa kumewaleta hapo.

"Chini ya kitanda cha Hawe."

Hakuna aliyepiga kelele. Walivuta pumzi tu, wote kwa pamoja. Kisha mwanamke wa kuku akasema lile ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulifikiri. "Kumbe anamrithisha."

"Anamrithisha nini?" Kaingu akafoka. "Wigi la dukani?"

"Kaingu, mimi sikuwa na ubaya na mama yako," Janice akasema, na machozi yakaanza kumtoka, machozi ya kweli. "Amenishikia mtoto wangu mara ngapi? Lakini niambie kitu kimoja. Kama hana kitu anaficha, mbona anapaka piko?"

Na kweli, ilikuwa wiki moja tangu apakwe. Kitambaa cha kichwa cha Hawe kilikuwa kimeteleza, na pembeni, juu ya masikio, mvi zilikuwa zimeanza kuchungulia, nyeupe, fupi, zinang'aa juani sawasawa na wigi lililokuwa mkononi mwa mjukuu wake. Watu walitazama zile, wakatazama hili. Hawe akakivuta kitambaa chake, na kwa jinsi alivyokivuta upesi akaonekana mwenye hatia kuliko watu wote duniani.

Mzee Hassan akakohoa. "Wallahi mimi siyaamini haya. Muziki ni muziki. Lakini kuna vijana wa huko nyuma wameshaanza kusema habari ya petroli. Nyumba yangu ikichomwa, Kaingu, nani atanijengea? Wewe mwashi?" Hakucheka, wala hakukusudia mzaha. "Mama aondoke. Akae palipo salama. Kufikia Jumamosi, inshallah."

"Na hivi vitu vichomwe," Changawa akasema. "Hapa hapa, watu waone."

Vikachomwa hapo hapo. Koti lilishika moto taratibu, wigi mara moja. Likajikunja, likanuka plastiki, likawa donge jeusi dogo lisiloweza kumtisha mtu. Velma alisimama akitazama, uso bado mweupe, michirizi miwili ya wanja ikishuka mpaka kidevuni. Alitaka kupiga ukelele kama yule mwimbaji.

* * *

Kaingu alipiga simu kwa ndugu zake wote. Mmoja Changamwe alisema chumba ni kimoja. Mwingine Likoni alisema mkewe ana mimba, na watu wataambiana. Mwingine hakushika simu tena. Mwishowe mchungaji akamwelekeza kwenye makao ya wazee bara, yanayopokea vikongwe waliokimbia mapanga. Walikuwa na kitanda kimoja.

Alhamisi mtoto wa Janice alitoka hospitali amepona. Gladys aliona hapo pana tundu la matumaini, akaenda na viazi vya moto kwenye bakuli.

"Daktari amesemaje, mama?"

"Malaria," Janice akajibu, mtoto mgongoni anacheza na kanga.

"Basi si umeona? Malaria. Hebu nenda umwambie Mzee Changawa. Wewe ukisema watakusikia."

Janice aliinamisha kichwa. Alikuwa na haya, na haya hiyo ilionekana. "Mama Velma, mimi nimeshukuru Mungu. Najua ni malaria. Lakini hapa tuko watoto wengi, na mbu ni wale wale. Kwa nini wangu? Kwa nini kesho yake?"

Gladys alirudi na bakuli lake, na viazi havikupungua.

* * *

Jumamosi asubuhi, kabla gari la kanisa halijafika, Velma alikoroga piko. Ilikuwa siku ya piko, na mikono haikujua la kufanya lingine. Akaweka kigoda uani. Milango yote ya wapangaji ilikuwa imefungwa, lakini kila pazia lilikuwa na jicho.

"Njoo, Hawe. Zimeota."

Hawe alitoka amevaa leso mbili mpya alizonunuliwa na Gladys. Aliketi. Velma alipoinua brashi, yule kikongwe akaushika mkono wake.

"Acha."

"Hawe, njiani watu—"

"Njiani nitajifunga. Huko ninakokwenda, wote wana vichwa vyeupe. Nitapaka kwa ajili ya nani?" Akamgeukia mjukuu wake. "Ile siku yako ya kuimba si ndiyo leo?"

"Ndiyo leo."

"Ulipendeza, mwanangu. Jumanne ile sikuwa nimelala."

Velma akalia pale pale, kichwa kwenye mapaja ya bibi yake, akiomba radhi, na Hawe akampapasa ile misuko akimwambia nyamaza, nyamaza, bila kusema kwamba amemsamehe wala kwamba hakuna la kusamehe. Gari likapiga honi. Kaingu akabeba begi moja, kwa kuwa lilikuwa moja tu. Hakuna mlango uliofunguliwa. Hawe alipopita mbele ya chumba cha Janice, mtoto, ambaye alizoea kubebwa naye, aliita kutoka ndani, akazibwa mdomo.

Gari lilipokwisha kuondoka, simu ya Velma ikatikisika. Alikuwa Lenox, rafiki yake wa kosplei: Uko wapi? Umeitwa mara mbili. Velma aliigeuza simu kifudifudi. Alichukua bakuli la piko akaimwage mtaroni.

"Usimwage," Gladys akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja mpaka kwenye kigoda alichoinukia mama mkwe wake, akaketi, akakifungua kilemba chake, akakiweka mapajani.

"Mama, wewe wataka nini?"

"Hapa nyuma ya sikio. Tazama."

Velma akatazama. "Ni mbili tatu tu, Mama. Hata hazionekani."

Gladys alikuwa akiyatazama yale mapazia, moja baada ya jingine. "Paka," akasema. "Na huko nyuma usiache."

Velma akachovya brashi, akaanza.